Taa Katika Nyumba Isiyo Yako

Somo: Kutoka 30:7-8 na Hesabu 9:15-23

Leo napenda tuketi pamoja kwa dakika chache tuzungumze juu ya jambo dogo la nyumbani, yaani taa ya tyubu inayopepesa.

Bila shaka unaijua taa hiyo. Ni ile ndefu, nyeupe, iliyofungwa darini au ukutani. Unabonyeza swichi, inawaka, inazima, inawaka, inazima, kama jicho lililoingiwa na mchanga. Pengine baada ya dakika kadhaa hutulia. Pengine haitulii usiku kucha. Watu wa nyumba hiyo wamejifunza kuishi nayo. Baba huipiga swichi mara tatu tatu. Mama huigonga taa kwa mpini wa ufagio. Watoto huinama juu ya vitabu vyao huku wamekunja nyuso. Mgeni akiingia huulizwa, "Je, inakusumbua?" Wao wenyewe hawaioni tena. Wameizoea.

Swali langu la leo ni hili: kwa nini mtu hukaa miezi mingi chini ya taa mbovu, na dawa yake ni ndogo?

Huku Ijara, kusini mwa kaunti ya Garissa, katika nchi ile iliyo kati ya Mto Tana na mpaka wa Somalia, swali hilo lina jibu lake. Wakristo wengi wanaoishi huku si wenyeji. Ni walimu, wauguzi, askari, makarani na mafundi waliotumwa kutoka pande nyingine za Kenya. Nyumba wanazokaa ni za shule, za hospitali, za serikali, au za kupanga. Na wengi wao, tukisema ukweli, wanangoja barua ya uhamisho. Kwa hiyo ukimwuliza mmoja wao, "Mbona hutengenezi taa hii?" atakujibu, "Nyumba hii si yangu. Huenda mwezi ujao sitakuwapo."

Simdharau asemaye hivyo. Kazi ya huku ina uzito wake. Jua ni kali, njia ni ndefu, na mvua ikinyesha barabara hukatika. Tena kuna hofu ambayo si ya kubuni. Hatujasahau tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wala hatujasahau Januari 2020, walimu watatu walipouawa huko Kamuthe, na baada ya hayo walimu wengi wasio wenyeji wakaondolewa katika shule za kaunti hii. Mtu aliyeondoka siku zile hana lawama kwangu. Leo nasema na yule ambaye bado yuko, aliyekaa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, lakini moyo wake haujafungua mizigo.

Nilipata kukaribishwa chakula katika nyumba ya mwalimu mmoja wa namna hiyo. Taa ya sebuleni ilikuwa ikipepesa. Jioni ile alikuja kijana fundi wa stima, mwenyeji wa mji ule na Mwislamu, aliyekuwa ameitwa kwa sababu ya soketi ya jikoni. Alipomaliza kazi yake aliinua macho, akatazama taa.

"Mwalimu," akasema, "taa hii imekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu muhula wa kwanza, fundi. Nilitaka kununua tyubu mpya, halafu nikasema, ya nini? Nyumba ni ya shule, na mimi nimeomba uhamisho."

"Uliomba lini?"

"Mwaka juzi."

Fundi akatabasamu, lakini hakumcheka. "Usinunue tyubu bado, mwalimu. Ile taa ya chumba cha watoto inawaka vizuri?"

"Inawaka vizuri kabisa."

"Basi tuazime stata yake."

Akazima meini swichi, akapanda juu ya meza, akaizungusha stata kidogo kwa vidole ikatoka. Akaweka ile ya chumba cha watoto mahali pake, akashuka, akawasha. Taa ikapepesa mara moja, ya pili, kisha ikatulia ikawa nyeupe pee. Fundi akatuonyesha ile stata mbovu mkononi mwake, kitu kidogo kama kidole gumba. "Tyubu yako ni nzima," akasema. "Kilichokufa ni hiki. Lakini ungeiacha ikipepesa hivi hadi mwakani, hiki kingeiua na tyubu pia."

Wapenzi wasikilizaji, maneno ya fundi yule yana elimu ndani yake, nami nataka niyaeleze kidogo, maana yatakufaa nyumbani kwako.

Ndani ya tyubu kuna gesi na mvuke kidogo wa zebaki, na ukuta wake umepakwa unga mweupe kwa ndani. Kila mwisho wa tyubu una uzi mwembamba wa chuma uliopakwa dawa inayosaidia umeme kuruka. Gesi hiyo haikubali kupitisha umeme kwa urahisi. Lazima iamshwe. Hiyo ndiyo kazi ya stata. Ukiwasha swichi, stata hufunga njia, umeme unapita katika nyuzi zile mbili na kuzipasha moto. Baada ya muda mfupi stata huachia. Papo hapo ile balasti, ambayo mafundi huiita choki, hutoa msukumo mmoja wa umeme wenye nguvu, na umeme unaruka kutoka mwisho mmoja wa tyubu hadi mwingine. Mvuke wa zebaki hutoa mwanga tusiouona kwa macho, na ule unga mweupe huugeuza kuwa mwanga tunaouona. Tangu hapo stata imemaliza kazi. Hukaa kimya mpaka utakapowasha tena.

Sasa taa inayopepesa ni taa inayoanza, ikashindwa kukaza, ikaanza tena. Kila ikianza, ile dawa iliyo kwenye nyuzi huliwa kidogo. Ndiyo maana fundi alisema kwamba stata mbovu inaweza kuua tyubu nzima. Taa hiyo huchoka kwa kuanza kuliko inavyochoka kwa kuwaka.

Kwa hiyo ukiona taa inapepesa, fuata utaratibu. Zima umeme kwanza kwenye meini swichi. Tazama kama tyubu imekaa sawasawa katika vishikio vyake, maana huku kwetu vumbi huingia kila mahali, na pini zikilegea taa haiwaki vizuri. Kisha jaribu stata nzima, hata kama ni ya kuazima chumba kingine. Kama bado inapepesa, tazama miisho ya tyubu. Ikiwa imekuwa myeusi sana, tyubu imezeeka, nunua nyingine. Umeme ukiwa mdogo kuliko kawaida, taa nzima pia huweza kupepesa. Lakini ukisikia mvumo mkubwa au harufu ya kuungua, usiendelee. Balasti huweza kupata moto. Acha umeme ukiwa umezimwa, umwite fundi.

Tena usiwape watoto tyubu ya zamani waichezee, kwa sababu ya ile zebaki, ambayo ni sumu. Ikivunjika, fungua milango na madirisha, watoke watu kwa muda, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu, si kwa mkono mtupu, uvitie katika chombo chenye kifuniko. Ni kwa sababu ya sumu hiyo mataifa yaliyo katika Mkataba wa Minamata yalikubaliana mwaka wa 2023 kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu hizi kufikia mwisho wa 2027. Mkataba huo umepewa jina la mji wa Japani ambako watu wengi walidhurika kwa zebaki iliyotoka kiwandani. Siku hizi tyubu za LED zinachukua nafasi yake. Nyingine huja na kifaa chake cha kuwekwa mahali pa stata, na nyingine zinahitaji nyaya zibadilishwe. Soma karatasi yake, au mwulize fundi, kabla hujaipachika.

Hayo ni ya taa. Sasa tusikie Neno.

Katika kitabu cha Kutoka, Haruni alipewa kazi ambayo mtu angeweza kuiona ndogo kwa kuhani mkuu. Kila asubuhi alipaswa kuzitengeneza taa za hema, na kila jioni kuziwasha. Sasa kumbuka taa hizo zilikuwa wapi. Hekalu la mawe lilikuwa bado halijajengwa. Zilikuwa ndani ya hema, jangwani, miongoni mwa watu walio safarini. Na kitabu cha Hesabu, sura ya 9, kinatueleza safari yenyewe ilikuwaje. Wingu likikaa juu ya hema, watu walipiga kambi. Wingu likiinuka, waling'oa vigingi wakaondoka. Wakati mwingine lilikaa usiku mmoja tu. Wakati mwingine siku mbili, au mwezi, au zaidi ya hapo. Hakuna aliyejua mapema.

Hebu fikiri, ndugu yangu. Kama kuna mtu aliyekuwa na udhuru wa kusema, "Mahali hapa si petu, kwa nini nihangaike na taa?" mtu huyo alikuwa Haruni. Angeweza kusema, "Labda kesho asubuhi wingu litainuka. Tungoje tufike nchi ya ahadi, huko tutawasha taa nzuri." Lakini agizo la Mungu halikusema taa itengenezwe watakapofika. Lilisema kila asubuhi na kila jioni. Taa iliwaka katika kambi ya usiku mmoja kama ilivyowaka katika kambi ya mwaka mzima. Mungu alikaa kati ya watu wake njiani, kwa hiyo njiani palistahili mwanga.

Jirani zetu wafugaji wa Ijara wanalifahamu jambo hili kuliko sisi. Nyumba zao za miti na mikeka hufungwa juu ya ngamia, zikahamishwa kufuata malisho na maji. Lakini jioni wanapotua, hata pawe mahali pa siku chache, nyumba husimamishwa, moto huwashwa, maziwa huletwa, na mgeni hukaribishwa. Hawasemi, "Hapa tunapita tu, kwa hiyo tulale gizani."

Ewe uliyetumwa huku, wingu lako liko juu ya hema leo. Litakapoinuka utajua, barua itafika. Likiinuka kwa sababu ya hatari, ondoka bila aibu, maana Mungu ndiye aongozaye wingu. Lakini maadamu halijainuka, hapa ndipo mahali pako pa kuwasha taa.

Tuone basi ni taa zipi zinapepesa kwa sababu ya kungoja.

Ya kwanza ni taa ya ndoa. Mume yuko Kitui, mke yuko Ijara, au kinyume chake. Wamekubaliana kimoyomoyo kwamba mambo yao yatatengenezwa watakapokaa pamoja. Kwa sasa ni simu ya dakika mbili juu ya karo na kodi, kisha ugomvi, kisha kimya. Kila juma wanaanza upya, na kila kuanza kunaila ile dawa iliyo kwenye nyuzi. Ndugu, usikimbilie kusema tyubu imekufa. Anza na kitu kidogo. Leo usiku piga simu ambayo haina habari za fedha. Uliza, "Umeshindaje?" kisha nyamaza usikilize jibu. Pengine ndiyo stata iliyokosekana.

Ya pili ni taa ya ushirika. Kikundi cha watu kumi hukutana Jumapili katika darasa la kuazima. Hakuna kwaya, kwa sababu mwalimu wa kwaya anangoja uhamisho. Hakuna Shule ya Jumapili, kwa sababu dada aliyeweza kuifundisha anasema hatakuwapo Krismasi. Krismasi inafika, yupo. Inafika ya pili, yupo. Watoto waliokuwa na miaka sita sasa wana minane, na hakuna aliyewasimulia habari za Daudi. Dada yangu, anza Jumapili hii. Ukihamishwa baada ya Jumapili tatu, watoto wamepata Jumapili tatu.

Ya tatu ni taa ya ujirani. Wako Wakristo waliokaa huku miaka mitano bila kujua jina la mama anayeishi upande wa pili wa ua. Hawajajifunza hata kuamkia kwa Kisomali, nabad, neno ambalo maana yake ni amani. Hofu imewafungia ndani, na hofu hiyo twaielewa. Lakini mkumbuke yule fundi. Hakuna aliyemwita kwa ajili ya taa. Aliinua macho yake mwenyewe, akauliza, akaitengeneza. Jirani yetu alijali taa yetu kuliko sisi wenyewe. Na niliambiwa baadaye kwamba watoto wa jirani, walioacha kuja kusoma pale kwa sababu macho yaliwauma, walirudi na vitabu vyao. Taa ya sebule ile ikawa ya nyumba mbili.

Pengine mtu atasema, "Kasisi, mimi sina nguvu za hayo yote. Nimechoka." Ndugu yangu, nakusikia. Lakini tazama. Mwaka wa 2019 kulifunguliwa katika kaunti hii ya Garissa kituo kikubwa cha umeme wa jua, chenye uwezo wa megawati 50. Hata kituo hicho kingekuwa nyuma ya ua wako, taa yenye stata mbovu ingeendelea kupepesa. Nguvu hazijapungua. Kilichokosekana ni kitu kidogo cha kuufanya umeme uvuke kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Na kwa habari ya moyo uliochoka, Isaya sura ya 42 inamsimulia Mtumishi wa Bwana ambaye hata akikuta utambi umebaki na moshi tu, hamalizi ule moto mdogo. Tunamjua Mtumishi huyo. Ndiye Bwana Yesu. Yeye haitupi taa inayojaribu kuwaka.

Usiku huu basi, kabla hujalala, inua macho yako utazame dari ya nyumba unayokaa. Isiwe nyumba unayoitamani, wala ile uliyoiacha kwenu, bali hii ya leo. Kama kuna taa inayopepesa, kesho mwite fundi, au nenda dukani ununue stata. Na ukiisha kuitengeneza, mwulize Bwana ni taa gani nyingine uliyoizoea.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyekaa hemani pamoja na watu wako jangwani, ukae nasi katika nyumba zisizo zetu. Wape amani walio mbali na jamaa zao, na uwalinde walio katika hofu. Wakumbuke wote waliopotewa na wapendwa wao katika nchi hii. Wabariki jirani zetu wanaotutendea mema. Tusamehe kwa yale tuliyoyaahirisha, utupe moyo wa kuyaanza leo. Na siku utakapoinua wingu tuondoke, anayekuja nyuma yetu aikute taa inawaka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, na Mungu awabariki.